Nyota ya Afande: Kuzitazama Obiti za Sayari kwenye Kompyuta

Katikati ya mwezi wa Machi 2025 jirani yangu, mwanajeshi mstaafu ambaye mtaa wetu wote hapa Kasese, magharibi mwa Uganda, humwita Afande, alinisimamisha njiani nilipokuwa nikirudi kutoka shuleni. Hakuanza na habari za mvua wala za bei ya sukari. Alinyoosha mkono kuelekea Rwenzori akaniuliza, "Mwalimu, ile nyota iliyokuwa juu ya mlima tangu kabla ya Krismasi imekwenda wapi? Juzi sikuiona, jana sikuiona." Nikamjibu, "Afande, imeshuka upande wa jua. Itarudi alfajiri." Alinitazama kwa muda, kisha akasema kwa upole, "Ya alfajiri ni nyingine, Mwalimu. Ile naijua, nimelinda nayo zamu miaka mingi. Hii ni ya jioni."

Sikuwa na jibu la kumtosheleza pale njiani. Nilijua kwamba nyota hizo mbili ni sayari moja, Zuhura, lakini nilijua kwa sababu nilisoma, na mtu aliyekesha nje kwa miaka akizipimia nyota saa za zamu hawezi kuuacha ushahidi wa macho yake kwa kuambiwa tu kwamba kitabu kinasema vingine. Nikamwomba aje nyumbani Jumamosi jioni, umeme ukiwepo, tuiangalie pamoja kwenye kompyuta. Ninayoyaandika hapa yametokana na Jumamosi hiyo na nyingine kadhaa zilizofuata, kwa kuwa swali moja lilizaa jingine.

Kompyuta yangu ni ya mezani, iliyokwisha kutumika, ambayo niliinunua Kampala na kuileta kwa basi ikiwa imeviringishwa katika blanketi. Si mashine yenye nguvu, lakini inatosha kuendesha programu mbili za bure ambazo ningependa kila mwalimu wa jiografia na wa fizikia awe nazo. Ya kwanza ni Stellarium, iliyoanzishwa na Mfaransa Fabien Chéreau mwanzoni mwa miaka ya 2000, nayo humweka mtazamaji ardhini, akiwa na upeo wa macho mbele yake na anga juu yake kama alivyolizoea. Ya pili ni Celestia, iliyotolewa na Chris Laurel mwaka 2001, nayo humchukua mtazamaji na kumtoa nje ya Dunia kabisa, hata aweze kuuona mfumo wote wa jua kutoka juu kama mtu anayekitazama kiwanja cha mpira kutoka kilimani. Zote mbili hupakuliwa mara moja, na baada ya hapo hazidai intaneti, jambo lenye uzito mkubwa kwetu ambao bando huisha kabla ya mwezi kuisha.

Tulianza na Stellarium, kwa sababu Afande alihitaji kwanza kuamini kwamba kilichomo ndani ya kompyuta ni anga lile lile la nje. Kitufe cha F6 hufungua dirisha la mahali, nami nikaandika mahali petu: latitudo nyuzi 0 na dakika 11 kaskazini, longitudo nyuzi 30 na dakika 5 mashariki. Ikweta inapita yapata kilomita 20 kusini mwetu, pale Kikorongo kwenye barabara ya kwenda Mbarara, na hali hiyo inabadilisha namna sayari zinavyoonekana. Ulaya, jua na sayari huteremka kwa mshazari mrefu kabla ya kuzama, lakini kwetu hutumbukia karibu wima, giza likafuata upesi. Nikaweka pia saa, na hapo Afande akaona jambo ambalo wageni wengi hawalitambui: katika programu jua halifiki utosini saa sita mchana bali karibu saa saba. Si kosa la programu. Saa ya Afrika Mashariki imepangwa kwa longitudo ya nyuzi 45, nasi tuko nyuzi 15 magharibi yake, kwa hiyo jua letu limechelewa saa nzima.

Kisha nikairudisha tarehe hadi 10 Januari 2025, siku ambayo Zuhura ilikuwa mbali na jua kuliko siku nyingine yoyote ya kipindi kile cha jioni, kiasi cha nyuzi 47. Afande akaitambua mara moja. "Hiyo hapo," alisema, akigusa skrini kwa ncha ya kidole. Katika Stellarium kitufe cha alama ya sawasawa huongeza siku moja kila unapokibonyeza, huku saa ikibaki ile ile. Nikampa kibodi abonyeze mwenyewe. Zuhura ilibaki juu siku nyingi kama iliyosita, ikaanza kushuka mwezi wa Februari, na Machi ikaporomoka kwa kasi hadi ikapotea. Sisi wa Kasese tuliipoteza mapema zaidi kuliko watu wa Kampala, kwa sababu upande wetu wa magharibi umezibwa na Rwenzori. Afande aliendelea kubonyeza, na sayari haikurudi jioni. Nikaigeuza picha upande wa mashariki, upande wa Ziwa George, na kuiweka saa kabla ya mapambazuko. Siku za mwanzo za Aprili nukta nyeupe ikachomoza mbele ya jua.

Hakusadiki, na sikumlaumu. Alichokiona ni nukta moja ikizama magharibi na nukta nyingine ikichomoza mashariki, na hakuna chochote katika picha hiyo kinacholazimisha akili ikubali kwamba ni kitu kimoja. Mtu akiingia kwenye handaki upande huu na mtu akatoka upande ule, utajuaje kwamba ni yeye bila kuliona handaki lenyewe? Hapo ndipo Celestia inapohitajika, kwa kuwa inatuonyesha ndani ya handaki.

Ukiifungua Celestia, kitufe cha H hulichagua jua na cha G hukupeleka kulikaribia. Kitufe cha O huwasha mistari ya obiti, yaani njia ambazo sayari hulizunguka jua, cha P huandika majina ya sayari, na cha End hukurudisha nyuma hadi mfumo wote uingie ndani ya skrini. Ukishikilia kitufe cha kulia cha kipanya na kuvuta, unalizunguka jua, ukapanda juu ya obiti au ukazishukia hadi uziangalie kwa ubavu. Nilipofanya hivyo kwa mara ya kwanza, miaka michache kabla ya Jumamosi hii, nilidhani programu imeharibika. Mistari ilikuwepo na majina yalikuwepo, lakini sayari zenyewe hazikuonekana. Nilitafuta mpaka nikaelewa kwamba programu inachora kwa vipimo vya kweli, na kwa vipimo vya kweli sayari ni ndogo mno zikilinganishwa na njia zake.

Jambo hili nimelifanya kuwa somo zima darasani, kwa sababu michoro ya vitabu vya shule imetudanganya tangu utotoni. Humo sayari zimepangwa ubavu kwa ubavu kama mayai kwenye trei, na mwanafunzi huondoka akiamini kwamba Mshtarii na Zohali zinakaribia kugusana. Chukua chungwa lenye kipenyo cha sentimita 8 uliite jua. Kwa kipimo hicho Dunia ni chembe ya mchanga isiyofika milimita moja, iliyowekwa mita 8 na nusu kutoka kwenye chungwa. Mshtarii, sayari kubwa kuliko zote, ni njegere iliyo mita 45 mbali. Zohali iko mita 82, bado ndani ya kiwanja cha mpira cha shule yetu, lakini Neptuni ni punje ya mtama iliyo karibu mita 260, ng'ambo ya barabara, nyuma ya nyumba za watu. Wanafunzi wangu walipopima umbali huo kwa miguu walinyamaza, na mmoja aliyekuwa ameshika punje ya mtama akaniuliza kama kweli jua linaweza kuishikilia kutoka mbali namna ile. Ni swali zuri kuliko mengi niliyowahi kuyasoma katika mitihani, na jibu lake ni kwamba linaishikilia, ingawa inahitaji miaka karibu 165 kumaliza mzunguko mmoja, wakati Dunia huumaliza kwa siku 365 na robo na Utaridi kwa siku 88.

Turudi kwa Afande. Nilisogea karibu hadi zikabaki obiti nne za ndani, nikaitazama picha kutoka juu ya kaskazini, nikairudisha tarehe hadi Januari, nikauharakisha wakati kwa kitufe cha L, ambacho kila unapokibonyeza huongeza kasi mara kumi, wakati cha K huipunguza vivyo hivyo. Zuhura ilikuwa nyuma ya Dunia kwenye njia ya ndani, ikitufuata. Huzunguka kwa siku 225, kwa hiyo kila siku hutembea nyuzi 1.6 wakati sisi hatufikishi hata nyuzi 1 kamili. Ni kama mkimbiaji wa mita 10,000 aliye kwenye njia ya ndani anayemkaribia mwenzake ili ampite kwa mzunguko mzima. Tarehe 23 Machi ikatufikia, ikapita kati yetu na jua kwa umbali wa kilomita milioni 42 hivi, ikaendelea mbele. Kisha nikaacha wakati uende, tukahesabu pamoja hadi itupite tena: siku 580, karibu na wastani wake wa siku 584, ambazo ni kama mwaka mmoja na miezi saba.

Afande aliomba nirudie. Nikarudia mara ya pili na ya tatu, na mara ya tatu nikasimamisha wakati kwa kitufe cha nafasi wiki mbili kabla ya kupitwa. Alichukua bakuli la sukari akaliweka mezani kuwa jua, akaweka kikombe chake kuwa Zuhura, akasimama yeye mwenyewe kuwa Dunia, na akaanza kujizungusha polepole kinyume cha mwendo wa saa, kama Dunia inavyojizungusha ikitazamwa kutoka kaskazini. Kikombe kilikuwa upande wa kushoto wa bakuli. Kila alipogeuka, bakuli lilitoka machoni pake kwanza, kikombe kikafuata. "Inazama baada ya jua," alisema, "kwa hiyo ni ya jioni." Kisha akahamisha kikombe upande wa kulia, mahali ambapo Zuhura ingekuwa baada ya kutupita, akajizungusha tena, na safari hii kikombe kikawa cha kwanza kutoka machoni na cha kwanza kurudi. Alisimama kidogo akakitazama. "Kwa hiyo haikuhama. Tumepishana njiani."

Sijawahi kulisikia jambo hilo likielezwa vizuri zaidi, na sikumfundisha mimi. Picha ya kutoka juu ilimpa njia, lakini uelewa ulikuja aliporudi ardhini, akaigeuza picha ile kwa mwili wake mwenyewe kuwa jioni na alfajiri. Tangu siku hiyo sionyeshi obiti kutoka juu bila kumrudisha mtazamaji pale anaposimama. Walimu wengi huishia kwenye picha nzuri ya mistari ya rangi, na wanafunzi huipenda, lakini jioni wakitoka nje hawawezi kuihusisha na nukta yoyote wanayoiona.

Kabla hatujaondoka kwa Zuhura nilimwonyesha kitu kimoja zaidi. Niliisogelea kwenye Stellarium kwa gurudumu la kipanya kuanzia Januari hadi Machi, naye akaona nusu mwezi mdogo ukigeuka kuwa hilali nyembamba, huku ukizidi kuwa mkubwa kwa kuwa sayari ilikuwa inatukaribia. Hilali hiyo ndiyo aliyoanza kuifuatilia Galileo kwa darubini mwaka 1610, nayo ni ushahidi wa kweli, kwa sababu Zuhura isingeweza kupitia sura zote hizo, kuanzia hilali hadi duara kamili, kama isingelizunguka jua.

Jumamosi ya pili Afande alikuja na simu yake. Mwezi wa Januari na Februari ulisambaa katika makundi ya WhatsApp ujumbe uliosema kwamba sayari zote zitasimama katika mstari mmoja mnyoofu, na baadhi ya watu waliuongezea habari za kutisha ambazo sitazirudia. Ni kweli kwamba jioni za mwisho wa Februari 2025 sayari nyingine zote saba zilikuwa juu ya upeo wa macho kwa wakati mmoja, ingawa Uranusi na Neptuni haziwezi kuonekana kirahisi bila darubini. Tuliirudisha Celestia hadi tarehe 28 Februari tukatazama kutoka juu. Hapakuwa na mstari. Kutoka Zohali hadi Dunia sayari zilikuwa zimetawanyika katika karibu nusu ya duara, kama watu waliokaa kuuzunguka moto bila kuukamilisha mduara.

Kwa nini basi kutoka ardhini zilionekana zimejipanga? Nilivuta kipanya hadi tukaziangalia obiti kwa ubavu, na zote zikabanana kuwa kama ungo mwembamba unaotazamwa kwenye ukingo. Obiti ya Zuhura imeinama nyuzi 3.4 tu kuhusiana na ya Dunia, ya Mirihi nyuzi 1.9, ya Mshtarii nyuzi 1.3, ya Zohali nyuzi 2.5, na hata ya Utaridi, iliyoinama kuliko nyingine saba, ni nyuzi 7. Mtu aliyesimama ndani ya ungo akitazama pande zote ataona kila kilichomo kimepangwa kwenye ukanda mmoja, iwe kiko karibu au mbali. Mpangilio huo upo kila siku ya mwaka, na unatokana na asili ya sayari zenyewe, zilizoumbika kutoka katika sahani moja ya gesi na vumbi iliyolizunguka jua changa miaka bilioni 4.6 hivi iliyopita. Nami naona kwamba ukweli huu ni mkubwa kuliko ule uzushi wa mstari, na nilisikitika kwamba haukupata nafasi katika ujumbe wowote uliosambazwa. Ukitaka kuona kitu kilichokaidi ungo, chagua Pluto: obiti yake imeinama nyuzi 17 na imerefuka kiasi kwamba kuanzia 1979 hadi 1999 ilikuwa karibu na jua kuliko Neptuni.

Mirihi ilitupa kazi nyingine. Kati ya Desemba 2024 na Februari 2025 ilirudi nyuma miongoni mwa nyota, na yeyote aliyeiangalia karibu na nyota mbili za Mapacha aliweza kuliona hilo wiki baada ya wiki. Kutoka juu, sababu inaonekana bila maneno: safari hii sisi ndio tulio njia ya ndani, na tarehe 16 Januari tuliipita. Basi linalolipita lori hulifanya lori lionekane likirudi nyuma dhidi ya miti ya mbali. Tunaipita Mirihi kila baada ya siku 780 hivi, na mara ijayo ni tarehe 19 Februari 2027, lakini si kila kupishana ni sawa. Ukiitazama mistari miwili kwa makini utaona kwamba pengo kati yake ni pana upande mmoja na jembamba upande mwingine. Agosti 2003 tulikutana penye wembamba, kilomita milioni 56, lakini Januari 2025 tulikutana penye upana, kilomita milioni 96.

Pengo hilo lisilolingana ndilo lililomhangaisha mwanaastronomia Johannes Kepler alipofanya kazi na vipimo vya anga vya mtangulizi wake Tycho Brahe, hadi mwaka 1609 akatangaza kwamba sayari hutembea katika duaradufu, yaani duara lililorefuka, na jua likiwa kwenye fokasi moja, nukta iliyo kando ya katikati yake. Hapa tena vitabu vya shule huchora duaradufu iliyorefuka kama yai la bata, na Celestia husahihisha. Obiti ya Mirihi, ukiipima kwenye skrini, upana wake unapungua kwa chini ya asilimia moja ukilinganisha na urefu wake, na kwa macho ni duara tupu. Kinachoonekana wazi ni kwamba jua halimo katikati yake. Natamani ningalifundishwa hivyo nilipokuwa kidato cha tatu.

Kanuni ya pili ya Kepler, ile ya kasi, isemayo kwamba mstari kutoka jua hadi sayari hufagia maeneo yaliyo sawa kwa muda ulio sawa, niliifanyia jaribio ambalo yeyote anaweza kulirudia kwa gharama ndogo. Utaridi hulikaribia jua hadi kilomita milioni 46 na huenda mbali hadi milioni 70, kwa hiyo kasi yake hubadilika sana, kutoka kilomita 59 kwa sekunde hadi 39. Nilibandika karatasi ya nailoni juu ya skrini kwa utepe, nikaitazama obiti yake kutoka juu kabisa, na kila baada ya siku 8 za programu nikasimamisha wakati, mwanafunzi mmoja akaweka nukta kwa kalamu ya maka. Siku 88 zinagawanyika kuwa nukta 11. Tulipobandua nailoni na kuiweka juu ya karatasi nyeupe, nukta za upande wa mbali zilikuwa zimesongamana na za upande wa karibu zimeachana, na tulipozipigia mistari hadi kwenye jua zikapatikana pembetatu 11, nyembamba ndefu upande mmoja na nene fupi upande mwingine. Wanafunzi walihesabu maeneo yake kwa karatasi ya miraba, na yakakaribiana vya kutosha hata hapakuwa na mabishano. Sharti ni moja tu: usiguse kipanya mpaka nukta ya mwisho iwekwe, kwa sababu picha ikisogea kidogo kazi yote imepotea.

Majina nayo yanahitaji neno. Programu huandika majina ya Kizungu, nami kwenye nailoni huandika Utaridi, Zuhura, Mirihi, Mshtarii na Zohali, majina ambayo Waswahili wa pwani waliyapokea kutoka Kiarabu. Tatizo ni kwamba baadhi ya vitabu vilivyotoka nje huyachanganya na majina ya buruji, hata mwanafunzi akaita sayari kwa jina la kundi la nyota. Kiswahili kinaingia katika shule za Uganda kwa nguvu zaidi sasa, na ningependa kiingie na majina yaliyonyooka.

Afande aliuliza swali la mwisho ambalo lilinifurahisha kuliko yote: mistari hii ameiona nani? Jibu ni kwamba hakuna aliyeiona, kwa sababu haipo. Angani hakuna reli. Programu hupiga hesabu ya mahali sayari itakapokuwa kila saa, kisha huunganisha mahali hapo kwa mstari ili jicho lielewe. Hesabu zenyewe, kwa sayari kubwa, zinatokana na kazi iitwayo VSOP87 ya Pierre Bretagnon na Gérard Francou wa Bureau des Longitudes, taasisi ya hesabu za anga kule Paris, ambayo imejumuisha pia jinsi sayari zinavyovutana zenyewe kwa zenyewe. Kwa hiyo programu inaweza kukosolewa na anga, na mtu mwenye macho anaweza kuijaribu.

Yeye ni mtu wa Ankole, na alichagua jaribio la nyuma. Huko Biharwe, kwenye barabara ya Masaka kwenda Mbarara, kuna mnara wa kumbukumbu ya siku ambayo, kwa masimulizi ya wazee, jeshi la Bunyoro lililokuwa likirudi na ng'ombe wa mateka liliona jua likizimika mchana, likakimbia na kuwaacha ng'ombe. Wanahistoria wameihusisha siku hiyo na kupatwa kwa jua kwa tarehe 17 Aprili 1520. Tuliweka mahali na tarehe, ambayo Stellarium huihesabu kwa kalenda ya zamani ya Julius, na mwezi ukaingia mbele ya jua. Afande alitazama bila kusema neno. Kisha akauliza kwa nini haitokei kila mwezi mwandamo, nami nikamwonyesha kwamba obiti ya mwezi imeinama nyuzi 5 hivi, kwa hiyo mara nyingi mwezi hupita juu au chini ya jua.

Mvua za Aprili zilituficha anga siku nyingi. Asubuhi ya tarehe 9, saa kumi na mbili kasoro, aligonga dirisha langu na kuniita nje. Mawingu yalikuwa yamepasuka upande wa ziwa, na Zuhura ilikuwa hapo, nyeupe na tulivu, kwenye urefu ule ule tuliouona kwenye skrini. Aliitazama kwanza, kisha akageuka nyuma akautazama mlima, pale alipoiacha mwezi wa Machi, akahesabu kwa vidole. Aliniuliza ni lini tutapishana nayo tena. Nikamwambia: tarehe 24 Oktoba 2026. Ameiandika kwa mkaa kwenye ukuta wa jiko lake, na chini yake ameandika pia tarehe ambayo, kwa hesabu yake mwenyewe ya siku 584, itafuata baada ya hiyo.